"Sina nafasi": mfarishi wako umekwama wapi?

Muulize yeyote anayeshona mifarishi ya viraka nyumbani kwa nini ule alioanza mwaka juzi bado uko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki. Atakwambia: sina nafasi. Nimelisema neno hilo miaka, na halijanimalizia mfarishi hata mmoja, mpaka siku nilipojiuliza nafasi gani. Maana nafasi kwetu ni mbili, ya saa na ya mahali. Kuunganisha vipande kunataka ile ya kwanza tu, tena ya kudonoadonoa: dakika kumi wali ukiwa umepaliwa makaa, robo saa ukingoja feri pale Likoni. Lakini kuweka matabaka matatu pamoja, yaani uso wa viraka, pamba ya katikati na bitana ya chini, kunataka sakafu. Na katika nyumba ya vyumba viwili huku Kisauni, Mombasa, yenye watoto watatu na wageni wasiopiga simu kabla ya kuja, sakafu ni adimu kuliko saa.

Kwa hivyo kabla ya kutafuta dawa, uteremshe huo mfarishi, uutandike kitandani, utazame umekomea wapi. Pale ulipokomea ndipo penye maradhi.

Uso umeisha zamani, matabaka hayajakutana

Hapa ndipo mifarishi mingi hufia. Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni kama sentimita 122 kwa 183, na bitana lazima izidi uso kwa sentimita 10 kila upande, kwa sababu ukishona nguo hujivuta. Unatafuta basi uwanja wa karibu mita moja na nusu kwa mbili, mtupu, kwa saa mbili bila mtu kupita na kikombe cha chai.

Mimi mara ya kwanza nilitandika juu ya mkeka, nikaona nimepata. Nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, jioni nzima, magoti yakiuma. Nilipouinua mfarishi, ukainuka na mkeka wake. Nilikuwa nimevishona pamoja kuanzia pembe hadi pembe, na kazi ya kufumua ikachukua muda mrefu kuliko ya kushona. Kama utatumia sakafu, iwe sementi au vigae vitupu, uifagie, uipige deki, uibane bitana chini kwa selotepu ile pana.

Kama sakafu haipatikani, tumia meza. Hata meza ya kulia ya watu wanne yatosha. Kunja bitana mara nne upate kitovu chake, kitie alama ya pini, ukilaze juu ya kitovu cha meza, upande wa ndani ukitazama juu. Acha pembe zining'inie. Bana kingo za meza kwa vibanio vya nguo vyenye nguvu, kitambaa kiwe kimenyooka lakini kisivutwe kama ngozi ya ngoma. Ukikivuta sana, siku ukikiachia kitarudi na kukuletea mikunjo. Weka pamba juu yake, kitovu kwa kitovu, kisha uso. Choma vikwasi, zile pini za kufungia nepi, kuanzia katikati kwenda nje, kila baada ya upana wa kiganja. Sehemu iliyo juu ya meza ikiisha, fungua vibanio, sogeza, bana tena, endelea. Ukiitwa, unaacha hapo hapo. Ukirudi, ulichokifunga bado kimefungwa. Sakafu haina subira hiyo.

Watu huniambia wafanye usiku watoto wakilala. Sikubali. Usiku macho yamechoka, taa ya sebuleni inatupa kivuli, na mikunjo huioni mpaka asubuhi. Chukua saa mbili za Jumamosi watoto wakiwa madrasa, mchana, dirisha wazi.

Sababu ya pili ya kukwama hapa haina uhusiano na mahali: hujaamua utie nini katikati. Umesoma kwamba mfarishi hutiwa pamba nene, ukautazama uso wako, ukakumbuka joto la Januari, ukaukunja. Una haki. Pamba nene ya polista hainywi jasho, na kwa mtu wa Mombasa ni adhabu. Huku mfarishi una kazi Julai na Agosti, upepo wa kusi ukivuma na usiku ukishuka hadi nyuzi 20 au 22, au chini ya feni. Tabaka moja la flana latosha. Shuka kuukuu la pamba latosha pia, bora usitie lililochakaa hadi kupasuka. Blanketi jembamba la mtumba kutoka soko la Kongowea ni zuri mno, na uzuri wake wa ziada ni kwamba limekwisha kufuliwa mara nyingi kwa hivyo halitapungua tena.

Sufi, ile ya mti wa msufi, niiseme peke yake, kwa sababu kina mama wakubwa huitaja kila mara. Sufi ni nyepesi na haina joto baya, lakini nyuzi zake ni fupi na laini, hazishikani. Ukiimwaga kati ya nguo mbili bila kuifungia, ndani ya wiki chache yote imeteremkia miguuni, na ukiifua inakaa mabonge. Kama ni lazima iwe sufi, shona kwanza mifuko myembamba kama ya godoro, uijaze, uifunge. Mimi ningeiacha kwenye mito.

Uso haulali

Huyu ni mgonjwa asiyesema. Mwenyewe atakwambia amekosa wakati, kumbe kila akiutandika uso anaona una wimbi pembeni au umefura katikati, moyo unakufa, anaukunja. Nami niliukimbia uso mmoja hivyo hivyo kwa mwaka na zaidi.

Kingo zina mawimbi na katikati kuko sawa: uliunganisha mpaka wa pembeni kwa kushona mkanda mrefu na kukata uliobaki mwishoni. Nguo hunyooka chini ya cherehani, basi ukaingiza kitambaa kingi kuliko kilichotakiwa. Fumua huo mpaka, upime uso kwa kupitia katikati, si pembeni, ukate mkanda kwa kipimo hicho. Ushike kwanza katikati na ncha zote mbili, kisha kwenye robo, ndipo ushone. Wimbi dogo, la unene wa kidole, unaweza kuliacha, mishono italimeza. Kubwa halimezwi, hugeuka mkunjo wa kudumu.

Katikati kumefura na kingo zimekaza: tazama vipande vyako. Huenda vingine vilifuliwa kabla ya kukatwa na vingine vilitoka dukani moja kwa moja na wanga wake. Kitambaa cha pamba kipya huweza kupungua asilimia 3 hadi 5 kikiingia majini mara ya kwanza, na ukipiga pasi ya mvuke uso mzima, vile vipya hujivuta na vya zamani hubaki. Wenye kutumia leso, yaani kanga, waangalie jambo jingine. Leso nyingine huchapwa zikiwa zimeenda upande kidogo, kwa hivyo ukikata kwa kufuata pindo unakata kinyume cha uzi, na kipande kinavutika kama mpira. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo uone njia yake, ufuate huo, hata kama ua litakaa limeinama.

Vipande havikutani kwenye kona, na safu moja ni fupi kuliko nyenzake: hesabu. Ukusudie mshono wa milimita 6 kutoka ukingoni, ushone wa 8, kila maungio yamekula milimita 4 zaidi, mbili kwa kila kipande. Safu ya miraba 12 ina maungio 11. Umepoteza milimita 44, na safu ya jirani uliyoishona siku nyingine ukiwa na utulivu haikupoteza kitu. Hakuna pasi ya kuliponya hilo. Ama ufumue maungio mawili matatu ya safu fupi na kuyapa nafasi, ama upunguze safu ndefu, ama ukubali kona zisikutane. Mimi siku hizi hukubali. Anayelala chini ya mfarishi hahesabu kona.

Cherehani inagoma ukifika kwenye matabaka

Vitanzi vya uzi chini, juu kuzuri. Kila mtu hukimbilia bobini, kwa kuwa ubaya unaonekana chini. Mkosa yuko juu. Uzi wa juu haukuingia barabara kati ya visahani vya mkazo, vile vinavyoubana uzi, na mara nyingi ni kwa sababu ulitungwa mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini visahani vimefumba, uzi unapita juu yake tu. Inua mguu, chomoa uzi wote, tunga upya. Usiguse skrubu ya bobini kabla ya kufanya hivyo. Ukiona kinyume chake, uzi wa chini unachungulia juu, legeza mkazo wa juu kidogo kidogo na ujaribu kwenye kibaki chenye matabaka yale yale matatu. Kujaribu kwenye kitambaa kimoja hakukwambii lolote.

Mishono inaruka: badilisha sindano. Saizi 90/14 huenda vizuri kwenye matabaka ya pamba, na hewa yetu ya chumvi huila sindano kwa kutu hata ikiwa haijashona. Urefu wa mshono uwe milimita 3 hivi, si ule mdogo wa kushonea blauzi.

Mikunjo nyuma, na uligeuza mfarishi baada ya kushona yote: pole. Ama bitana ililegea, ama vikwasi vilikuwa mbalimbali, ama ulianzia pembeni. Mikunjo miwili mitatu fumua pale tu. Ikiwa ni mingi, fikiri kwanza kama mgongo wa mfarishi utatazamwa na nani.

Na ikiwa cherehani yako ni ile nyeusi ya mkono, haipandi unene huo, meno yanavuta bitana na mguu unasukuma uso, basi usiilazimishe. Kuna njia ya zamani isiyotaka cherehani, na mimi huipendekeza kwa mama yeyote mwenye watoto wadogo: funga mafundo. Chukua uzi mnene wa pamba, uupitishe matabaka yote matatu, urudi juu karibu na ulipoingia, ufunge kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, uache ncha za sentimita 2. Rudia kila sentimita 10. Jioni mbili umemaliza, stima iwepo isiwepo. Wapo watakaosema si mfarishi wa kweli. Waambie waje na wao wako wapi uliokwisha.

Rangi zimevuja

Nyekundu na nyeusi za leso ndizo wakosefu wa kawaida. Kabla ya kukata, lowesha kitambaa cheupe, ukilaze juu ya leso, ukipige pasi. Kikitoka na rangi, leso hiyo ifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe, au isiingie kabisa. Ile desturi ya kuiloweka kwenye chumvi sote tumeirithi, na sitamkataza mtu, lakini usiitegemee: rangi ya kiwandani iliyokwisha kuchapwa kwenye pamba haishikizwi na chumvi wala siki.

Kama imevuja na mfarishi umeisha, usiuanike. Rangi ikikaukia mahali pageni inajenga. Urudishe majini ungali umelowa: maji ya moto, sabuni nyingi, beseni kubwa kiasi kwamba mfarishi wote uzame, uache usiku mzima, umwage, urudie. Kazi yake ni maji mengi, na hapo ndipo Mombasa hututia mtihani. Kama mnatumia kisima cha maji ya chumvi sabuni haitoi povu na nguo inabaki na weupe wa unga. Fulia hayo ukilazimika, lakini suuza la mwisho liwe la maji baridi yasiyo chumvi, hata kama ni mitungi miwili ya mkokoteni.

Kwa wanaokwama kwa uchungu wa kuikata leso ya marehemu bibi, jina, yaani ule msemo wake, likiwa bado linasomeka: usiikate. Ifanye bitana. Leso mbili za sentimita 150 kwa 110 zikiunganishwa kwa pande ndefu hutoa kama 150 kwa 218, ambayo inakifunika kitanda cha 4 kwa 6 pamoja na zile sentimita 10 za ziada. Majina yote mawili yanabaki mazima, na mlalaji ana la kusoma.

Madoa ya kahawia, na harufu

Madoa ni ya pini na sindano zilizosahauliwa humo. Ndimu na chumvi, juani, halafu suuza. Lakini jaribu pembeni kwanza kwa sababu ndimu hufifiza rangi nyingine. Harufu ni ukungu wa ule mfuko wa plastiki. Fua, anika jua kali pande zote mbili, hifadhi ndani ya foronya ya kitambaa. Kuufukiza udi kabla ya kuufua ni kuuvisha mgonjwa nguo mpya.

Kila nikiketi naitwa

Hii sasa ndiyo nafasi ya saa, na dawa yake ni kupunguza gharama ya kuanza. Ikiwa kuanza kunataka kutoa cherehani chini ya kitanda, kutafuta mkasi aliouchukua mtoto kukatia karatasi, na kuzima feni ili vipande visiruke, dakika 20 zimekwenda kabla ya mshono wa kwanza. Weka sinia moja la bati lenye kifuniko cha kawa: vipande vya leo tu, sindano tatu zilizokwisha kutungwa uzi, mkasi mdogo uliofungwa kamba kwenye sinia lenyewe. Vipande vitoboe katikati, uvipitishe uzi mmoja wenye fundo. Feni iwake itakavyo. Na unapoacha, acha katikati ya mshono, usiache mwishoni. Ukirudi mkono unajua pa kuendelea.

Mume wangu aliwahi kuniuliza mfarishi wa mtoto utaisha lini. Mtoto mwenyewe alikuwa ndiye aliyemfungulia mlango. Tatizo hilo nalo lina jibu. Uso wa sentimita 90 kwa 110 uliokusudiwa kitanda cha mtoto mchanga ukiuongeza mpaka wa sentimita 15 kila upande, unakuwa 120 kwa 140. Si wa kitanda kizima, ila mtoto wa shule ya msingi anajifunika akitazama televisheni.

Umebaki ukingo tu

Neno "tu" limefukia mifarishi mingi. Kwanza angalia kama utepe wa kuzungushia kingo ulikuishia. Mzingo wa 122 kwa 183 ni sentimita 610. Ongeza 30 za kona na za kukutania. Ukikata kanda za upana wa sentimita 6 kwenye kitambaa cha upana wa 110, sita zinaonekana kutosha, lakini kila maungio ya mshazari hula sentimita 6 hivi. Kata saba. Nusu yadi inatosha na kubaki.

Kama kilichokukwamisha ni kona, kosa ni kushona hadi mwisho. Simama milimita 6 kabla ya ukingo, toa mfarishi chini ya sindano, kunja utepe juu uelekee mbali nawe, kisha urudishe chini mkunjo ukilingana na ukingo, uanze upya kuanzia juu. Jaribu mara moja kwenye kibaki. Hakuna maelezo yanayoshinda mara moja ya mkono.

Na kama ni uchovu wa kushona nyuma kwa mkono, usiweke mfarishi mzima mapajani wakati wa kaskazi. Uache mezani, uvute upande mmoja tu kukujia, upake vidole poda ili sindano isiteleze kwa jasho, vaa subana, fanya urefu wa mkono mmoja kwa siku. Mita sita na kitu, kwa mwendo huo, ni kama siku kumi. Ukifika ulipoanzia usikate uzi papo hapo. Piga mishono mitatu midogo mahali pamoja, upitishe sindano ndani ya pamba kwa urefu wa kidole, uitoe juu, uvute kidogo, ndipo ukate, ncha itarudi ndani yenyewe.